Likizo ya Kula Nyumba kwa Nyumba

Siku ile shule ilipofungwa naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye upumbavu ambao hata leo nikiusimulia lazima kwanza ninywe maji. Umeniambia asubuhi kwamba likizo imekukalia shingoni, watoto wanakudai hiki na kile, na mfukoni hamna kitu. Nimekusikia. Wewe endelea kuchambua maharage yako. Mimi nitasema taratibu, kwa sababu meno ya mbele yameshaniaga na maneno siku hizi yanatoka yanayumba.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na watoto watatu. Mapendo alikuwa na miaka kumi na mmoja, Bahati minane, na Riziki, kitinda mimba, mitano. Baba yao tulipotezana naye njiani tulipokuwa tukikimbia kutoka Kivu, na huo ulikuwa mwaka wa pili tangu tufike hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Tulikuwa na kibanda cha udongo chenye turubai juu, kipande cha shamba, na kadi ya chakula. Kadi ile ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba. Ukiipeleka kila mwezi, unarudi na unga wa mahindi, maharage na mafuta, kulingana na majina yaliyoandikwa humo. Asiye na jina kwenye kadi hakuwa na chakula.

Basi ikaja likizo ndefu ya Desemba. Palikuwa na jirani ambaye kaka yake aliishi Ulaya, na watoto wake walirudi kutoka Mbarara na viatu vipya. Wakawa wanapita mbele ya mlango wetu wakisimulia chipsi, soda, nyumba za ghorofa na picha walizopigwa studio. Wangu wakasikiliza midomo wazi. Hawakuniomba kitu, hilo ulishike. Ni mimi niliyeitazama midomo yao nikaisoma aibu yangu mwenyewe. Kule Uvira nilikuwa na meza ya vitenge sokoni, watu waliniita madamu, na ule umadamu ulikuwa haujanitoka bado. Nikasema moyoni, wanangu nao wataiona Mbarara, hata kama ni kwa kuuza sufuria.

Sikuuza sufuria. Niliuza unga.

Palikuwa na mama mmoja wa Kiganda, mke wa askari wa kambi ya Mbarara, aliyezoea kuja kwetu kununua maharage. Aliwapenda sana wanangu. "Wewe kuja na watoto," akaniambia. "Nyumba iko. Siku mbili, siku tatu, hakuna shida." Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, simlaumu kwa lolote. Mimi ndiye niliyechukua unga wa mwezi mzima pamoja na mafuta, nikauza ili nipate nauli na pesa ya matumizi, nikabakiza maharage ya kutia kwenye chungu mara mbili tatu.

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Koko Eliza. Koko ndivyo tunavyomwita bibi huko kwetu, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu. Jioni kabla ya safari alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Mama Mapendo, usiende hii juma. Banasema batakuja kutuhesabu."

Kuhesabiwa, mwanangu, ni hivi: watu wa ofisi wanafika bila kutaja siku, ili mtu asiazime watoto wa jirani. Kila aliye kwenye kadi anasimama mwenyewe, kwa miguu yake. Asiyekuwepo, jina lake linapigwa mstari.

Nikacheka. "Koko, banasemaka hivyo kila juma. Wewe unasikiaka mambo mingi."

Akageuza fimbo yake, akarudi zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu nililisafirisha nikalivunjie mjini, tena kwa kulipa nauli.

Mbarara tuliiona. Nikawanunulia chipsi. Riziki hakuwa amezoea mafuta mengi, akazitapika zote juu ya gauni lake la kanisani. Kule studio Bahati aliogopa mwanga wa kamera akalia, nami nikamfinya ili atulie, kwa kuwa nilitaka picha itoke anatabasamu. Siku nzima mdomo wangu ulikuwa na kazi moja: usichafue, usimwage, kaa vizuri, unajua hii imetoka wapi? Mapendo alibeba mfuko wetu, akanifuata kimya sokoni kote, na jioni akaniuliza tutarudi lini. Nikamjibu kwamba hana shukrani. Tulipanga kulala siku mbili. Siku ya tatu nayo nikailazimisha, kwa sababu niliona hawajafurahi vya kutosha, kana kwamba furaha ni sindano ya hospitali ambayo dozi yake ikipungua inabidi iongezwe.

Siku hizo simu zilikuwa bado chache, hakukuwa na wa kunipigia. Tuliporudi, wanawake waliokuwa bombani waliinamia ndoo zao waliponiona, nikajua. Watu wa ofisi walikuja kesho yake baada ya sisi kuondoka. Koko Eliza alisimama kwenye ule mstari juani, akawaeleza kwamba tupo, kwamba tumesafiri tu, kwamba yeye anatujua mmoja mmoja. Kijana wa ofisi mwenye karatasi alimjibu kwa adabu kwamba ametumwa kuhesabu watu wanaoonekana. Majina yetu manne yakafutwa. Nilikwenda ofisini mara mbili, nikaambiwa nisubiri mpaka wahesabu tena, pengine Februari shule zikifunguliwa.

Hesabu mwenyewe, tulikuwa katikati ya Desemba. Unga nilikuwa nimeuza, mahindi yangu shambani hayakuwa yamefika hata gotini, na nyumbani palikuwa na watoto watatu. Nilipika yale maharage siku mbili huku nimefunga mlango ili watu wasichungulie chungu changu. Siku ya tatu nikawapa maji ya moto yenye chumvi, nikawaambia ni supu ya Kizungu. Bahati alikunywa akasema ni tamu. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa lile neno lake.

Asubuhi yake fimbo ya Koko Eliza ikagonga mlango. Aliingia, akafunua chungu, akakifunika. Nilingoja anitukane, na kusema kweli ningeshukuru angenitukana.

"Ulienda kutafuta furaha ya batoto fasi ya mbali," akasema. "Ulibauliza benyewe banataka nini?"

"Hapana, Koko."

"Ulifunga mulango juu ya nini? Njaa inaogopaka mulango?"

Nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanipa mpango wake. Unajua likelemba, ile desturi yetu ya zamu: leo sote tunalima kwako, kesho sote kwangu, mpaka kila shamba limepata zamu yake. Koko alikuwa amekwisha zungumza na nyumba nyingine nne. Pamoja na yake na yangu zikawa sita. Watoto wote wa nyumba sita, kumi na saba kwa jumla, wangeshinda kila siku katika nyumba moja, wale hapo na wajifunze kazi ya nyumba hiyo, huku wazazi wengine wakienda shamba bila wasiwasi. Kila nyumba ingeleta ilichonacho, ikiwa ni kopo la unga au muhogo mmoja. Jumapili ingekuwa ya kanisa.

"Na usibaambie ni juu ya njaa," akasema akiinuka. "Baambie ni likelemba ya vakanse."

"Na mimi zamu yangu nitabapa nini, Koko? Sina kitu."

"Utatafuta."

Ndivyo vakanse ile, yaani likizo, ilivyokwenda. Jumatatu walikuwa kwa Mama Sifa aliyekaanga mandazi, wakajifunza kukanda unga, na kila mmoja akala lile alilolikunja mwenyewe, hata kama limefanana na sikio. Jumanne walikuwa kwa Mzee Yona, fundi wa baiskeli, wakitafuta matundu ya mpira ndani ya beseni la maji. Mapendo wangu alijifunza kuziba pancha vizuri kuliko wavulana wote, akawa anatembea na mikono myeusi kama cheo. Kwa Koko Eliza walipalilia viazi vitamu, kisha wakapewa hadithi, na Koko alikuwa na tabia ya kukata hadithi mahali pabaya ili juma lijalo warudi bila kuitwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu. Peke yangu nilishindwa kuwapa watatu hata uji, na sita tukashibisha kumi na saba, ingawa hakuna aliyekuwa na cha ziada.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi. Usiku kucha niligeuka kitandani nikitafuta nina nini. Walipofika asubuhi, kila mtoto alikuwa na kiazi mkononi, Koko amewatuma. Viazi nikavifukia kwenye majivu. Halafu nikakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo nilijua kufinyanga. Nikawachukua mpaka kwenye majimaji karibu na ziwa, tukabeba udongo kwa masufuria, nikawaambia kila mmoja afinyange nyumba ambamo angependa kuishi.

Wakafinyanga kimya, na wewe unajua watoto kumi na saba wakinyamaza mtu anaweza kusali. Nikapita nikitazama. Nyumba ya Bahati ilikuwa na chumba kimoja, na mlango mpana kuliko ukuta.

"Bahati, mulango mbona mukubwa hivi?"

"Ni ya papa kuingiza baiskeli yake," akasema bila kuinua kichwa. "Akikuja, haiwezi lala inje."

Miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili mtoto wangu alikuwa anamwachia baba yake mlango, na mimi sikujua, kwa sababu jina la baba yao nilikuwa nimelipiga marufuku nyumbani nikidhani nawakinga. Nilimpeleka Mbarara akalie studio, wakati kilichokuwa moyoni mwake kingetoka kwa swali moja na bonge la udongo. Nikakaa pale chini na matope yangu nikalia mbele ya watoto wa watu. Riziki akanisogelea akaniambia nisilowanishe nyumba yake. Wote wakacheka, nami nikacheka nao, na jioni ile nikawasimulia wanangu habari za baba yao kwa mara ya kwanza. Mambo ya kawaida tu: alivyokoroma, alivyopenda ndizi za kuchoma, jinsi alivyoanguka na baiskeli siku ya kuja kunichumbia. Wakaniomba nirudie pale pa kuanguka.

Februari tulihesabiwa, majina yetu manne yakarudi kwenye kadi. Nilitoka ofisini nikiruka kama msichana. Mwezi huo nilipokea unga, nikaupika mlangoni, wazi, kila mtu aone.

Sasa nisikilize hapa, maana wengi wakisimulia huishia hapo. Mwaka jana Mapendo alikuja kunisalimu. Sasa ni mama wa watu, anaishi Ruti, pale pale Mbarara, ana watoto watatu kama nilivyokuwa mimi. Tukakumbushana ya zamani. Nikamuuliza Mbarara ile ya kwanza anaikumbukaje. Akasema anakumbuka mfuko ulikuwa mzito na mimi nilikuwa na hasira. Nikamuuliza kuhusu ile likelemba, nikitaka hatimaye kumwambia kwamba ilikuwa njaa.

"Nilijua, mama," akasema. "Sisi bote tulijua. Koko alisema tusikuambie kama tunajua, utapata haya."

Kisha akaniuliza: "Lakini mwaka wa kufuata, juu ya nini hamukufanya tena? Tulingojea. Bahati alisimama kwa mulango wa Mama Sifa asubuhi ya kwanza ya vakanse, akarudi. Mbona mulipopata chakula mulifunga milango?"

Kadi ilirudi, kila mmoja akarudi kwenye chungu chake. Mama Sifa alikuwa na wateja, mimi nilikuwa na shamba, Koko Eliza alikuwa ameanza kuugua kifua. Hakuna aliyeamua kuacha. Watoto wakasubiri, sisi tukiwa tumeshiba. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja kwa miguu yake kunikalia mapajani.

Kwa hiyo ukiniuliza utawafanyia nini wanao likizo hii na mfuko umetoboka, nakujibu hivi. Usiuze cha kesho ili kununua kicheko cha leo, kwa kuwa mtoto anakiona hicho unachouza, hata akinyamaza. Waulize wanataka nini kabla hujawaonea aibu, na ukiuliza, kaa chini, usiulize ukipita. Wafundishe kazi ya mikono yako kama mchezo. Nenda kwa yule jirani wa mandazi na yule wa kuku, mpange zamu. Kama huna kitu siku ya zamu yako, utatafuta, udongo bado upo ziwani. Na ukishatoka kwenye dhiki yako, maana utatoka, usifunge mlango. Njaa ilitufundisha kupokea watoto wa wenzetu. Wewe usingoje mwalimu huyo, anapiga sana.

Ninakwenda Jumatatu kwa Mama Sifa, tumezeeka wote wawili, tukaone kama tunaweza kuanza tena na wajukuu. Lete wako watatu. Mungu awajalie wanao tumbo lililoshiba na masikio ya kuwasikiliza, akupe wewe majirani wanaogonga mlango kabla hujalia, na siku watakapokuwa wakubwa, wakikukumbuka, wakukumbuke umekaa nao chini.