Macho ya Papa Ng'ambo ya Rusumo

Nakumbuka asubuhi tuliyofika Rusumo, mimi na Papa yangu, babu yako, tukitoka Bukavu kwenda kumchukua mdogo wangu Nsimire. Mwanangu, kesho kutwa wewe unapeleka gari Kampala. Umefurahi, na mimi nimefurahi nawe. Lakini kaa kwanza kidogo nikusimulie.

Nsimire alitupotea wakati wa vita, watu walipokimbia kila mmoja upande wake. Miaka mingi Papa, aliyekuwa katekista kule Walungu, alimwombea misa bila kujua kama anamwombea mzima au marehemu. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Luvungi akatuletea habari: Nsimire yuko hai, anaishi Ngara, Tanzania, mguu umevunjika na hawezi kupanda basi. Padri wa parokia akatuazima gari. Nyumbani mwenye permi ya kuendesha nilikuwa mimi tu. Papa hakupenda kuendeshwa na binti yake, lakini alipanda, akafunga mkanda, akashika rozari.

Rwanda tuliivuka bila taabu, maana kule wanaendesha upande wa kuume kama sisi. Ajabu ilikuwa mpakani. Pale Rusumo kuna daraja, na chini yake maji ya mto Akagera yanaporomoka kwa ngurumo ambayo unaisikia mpaka kifuani. Tulipovuka, nikaona jambo ambalo sijalisahau. Kamyo kubwa za mizigo, mabasi, pikipiki, vyote vilivyotoka upande wetu vilihamia kushoto, na vilivyotoka Tanzania vilihamia kuume. Polepole, bila honi, bila mtu kumtukana mwenzake. Wewe unajua kwetu, penye shimo moja tu, watu wanavyogombania njia. Nilisimamisha gari pembeni, nikatazama kama mtu aliye kanisani.

"Papa, inchi nzima inatembea kushoto," nikasema.

Papa naye akatazama, akasema, "Njo desturi yao. Ukifika kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Twende."

Nilidhani shida ni upande tu. Nikaushika ule wa kushoto vizuri, nikajisifu moyoni. Shida yenyewe ilinipata mlimani, nyuma ya kamyo iliyobeba mbao na kupanda kama kobe. Gari la kwetu usukani wake uko kushoto, na kule kushoto ndiko ukingoni mwa barabara. Kila nilipochungulia niliona mbao na majani. Aliyeiona barabara ya mbele ni mtu mmoja: Papa, aliyekaa kuume, mtu ambaye hakuwahi kushika usukani hata siku moja.

"Papa, kuko kitu mbele?"

"Iko kona. Bado."

Tukaendelea kumeza moshi. Nilimfikiria Nsimire akiutazama mlango tangu asubuhi.

"Na sasa?"

"Bado."

Moyoni nikasema, mzee huyu anaogopa tu. Nikakanyaga mafuta, nikaanza kutoa pua ya gari. Papa akaweka mkono juu ya mkono wangu. Hakupaza sauti.

"Nabintu. Nimesema bado."

Nikarudi. Sijakaa sawasawa nyuma ya zile mbao, basi likatokea kwenye kona, likashuka kwa kasi, likapita pale pale nilipotaka kuwa. Upepo wake ukatikisa gari letu lote. Papa alimaliza kwanza fungu lake la rozari, ndipo akasema.

"Mutoto yangu, mimi sijue kuendesha. Weye njo unajua. Lakini hapa Mungu ameniweka kwa kiti chenye kuona. Kama hauniamini, tutamupelekea mudogo yako maiti mbili."

Tangu hapo, penye kila kamyo nilimwuliza Papa. Akisema bado, nilitulia hata kama mlima ulikuwa mrefu. Akisema, "Kuko wazi, pita," nilipita, nikiingia barabara nisiyoiona kwa neno la mzee tu. Utotoni nilifundishwa habari za imani nikazijibu kwa kichwa, kama hesabu. Siku ile, mwanangu, niliziishi, na nilistaajabu kwamba nimekaa miaka yote karibu na Papa bila kumwamini hivyo.

Tulimkuta Nsimire amekaa mbele ya nyumba, mguu umefungwa plasta, na mtoto mapajani ambaye hatukujua kwamba yuko. Papa alishuka kabla gari halijatulia. Akamshika uso kwa mikono miwili, akautazama muda mrefu, machozi yanateremka na hayafuti.

"Papa, nani amekuleta?" Nsimire akauliza.

"Mukubwa yako," Papa akasema, akinionyesha. "Anaendesha muzuri. Anasikia."

Mwanangu, nimesifiwa mara nyingi maishani, kazini na parokiani, lakini sifa nyingine hazijaingia ndani kama ile.

Sasa shika neno langu. Uganda nako wanaendesha kushoto. Utazoea upande upesi, na mtu akishazoea ndipo anapoponzwa. Njia ikiwa tupu, hapo ndipo mkono unakumbuka kwao, basi jiulize kila unapotoka kwenye uwanja au kituo cha mafuta: niko wapi? Usijaze mizigo kiti cha kuume. Mpakie mtu, hata kama hajui gari, na akikuambia bado, iwe bado. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ugenini kuna mambo ambayo ujuzi wako wote hautakuonyesha, na aliyekaa mahali pa kuyaona anaweza kuwa yule usiyemdhania. Mwulize, kisha umtii.

Nenda, mwanangu. Bwana akupe akili tulivu na watu wema njiani, na wale watakaokupokea wakushukuru kwa kufika kwako. Amina.