Mtu wa Sita

Nilikuwa karani wa stoo ya reli Nakuru, na kila jioni baada ya kazi nilifundisha watoto wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mpira wa kikapu. Hakuna aliyenituma wala kunilipa. Ringi mbili nilizitoa kwenye pipa bovu, nikazipigilia juu ya nguzo za mikaratusi, na mistari ya uwanja tuliichora kwa majivu ya injini. Mpira wenyewe ulikuwa wa kandanda, ule wa kufungwa kwa kamba, na ukidundia kamba unakwenda unakotaka.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Msimamizi wa landi, Mzungu wa soksi ndefu na viatu vyeupe, alibandika karatasi karibu na bomba la maji: watu zaidi ya watano wasikusanyike bila kibali chake. Niliisoma mara mbili, nikacheka. Timu ya mpira wa kikapu ni watu watano. Wa sita ni mimi.

Basi nikatoka. Watano walicheza ndani, nami nikasimama ng'ambo ya ua wa kaiyaba, nikifundisha kwa kelele juu ya miiba. "Usitembee na mpira! Dundisha!" Watano wengine walingoja zamu yao nyumbani kwangu. Askari wa landi alipita kila jioni kuhesabu vichwa. "Watano," alisema, akaenda zake.

Mke wangu aliniuliza, "Baba, siku hizi unagombana na ua?"

Nilimwambia nagombana na mwenye karatasi.

Miezi ikapita hivyo, mpaka msichana mmoja, mrefu kuliko wavulana wote, aliponijia kando ya ua. "Mwalimu, sisi tutacheza na nani? Na nguzo?"

Swali hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Niliandika barua ya heshima kuomba kibali cha saa moja tu, timu mbili zikutane. Ilirudi na neno moja la wino mwekundu: hapana. Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Lakini nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi, na kumkaidi yule bwana kulikuwa kuchezea mshahara na paa la wanangu. Mke wangu alijua ninachowaza kabla sijafungua mdomo.

"Kama ni kufukuzwa," alisema, "tufukuzwe watoto wakiwa wamecheza."

Jumamosi mchana niliingia uwanjani na watoto kumi nyuma yangu, nikapuliza firimbi. Landi nzima ilitoka milangoni. Pointi zilikuwa nane kwa sita wakati msimamizi alipotokea na askari wake, akakata moja kwa moja hadi katikati ya uwanja. Nilipuliza firimbi mpaka masikio yakaniuma.

"Bwana, umekanyaga mstari. Toka nje, tafadhali, mchezo unaendelea."

Alitazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa majivu.

"Wewe jua mimi nani?"

"Najua, bwana. Si mchezaji."

Yule bwana akamgeukia askari. "Hesabu hii toto yote!"

Askari akahesabu polepole, kwa kidole, kama jioni zote. "Ni watano, bwana," alisema. Kisha akageukia upande wa pili. "Na wale ni watano wengine."

Watu walicheka mpaka yule bwana akaondoka. Tulimaliza mchezo, kumi na mbili kwa kumi, na yule msichana ndiye aliyefunga la mwisho.

Jumatatu nilipewa barua ya uhamisho, kwenda stesheni ndogo juu ya Molo ambako ukungu huingia hadi jikoni. Nguzo zetu zilikatwa kuni siku hiyohiyo. Ringi hawakuziona, zilipanda behewa chini ya sufuria za mke wangu. Huko juu tulikuta nyumba nne na watoto saba. Kabla hatujafungua mizigo, niliazima jembe nikaanza kuchimba shimo la nguzo.