Chumba cha Baridi Kilichomjibu Kila Mtu Ndiyo

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tano asubuhi, Celestine Anyango aliwasha programu ya kwanza aliyowahi kuwaandikia watu. Ilikuwa ya chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki cha mfanyabiashara Pradip, karibu na ufuo wa Dunga: muuza samaki anauliza kwa simu kama kuna nafasi, kompyuta inamjibu. Celestine, mkazi wa Nyalenda mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa amejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, peke yake, kwenye simu iliyopasuka kioo. Pradip alimpa wiki mbili za kuiandika. Programu ikifaulu, anaajiriwa.

Alikuwa ameijaribu siku tatu, chumba kikiwa bado kinakarabatiwa. Kila alipouliza, jibu lilikuwa "ipo". Na kweli ilikuwepo. Chumba kilikuwa kitupu.

Ijumaa kilijaa kabla ya saa nne. Programu ikaendelea kusema ipo. Mama Seline, muuza samaki, alifika na kreti sita za samaki, akakuta hakuna pa kuziweka. Kufikia jioni walikuwa wananuka.

"Celestine, niliuliza, nikaambiwa ipo. Sasa hawa nimlishe nani, paka wa Kondele?"

"Si mimi, Mama. Ni programu."

"Kwani programu imezaliwa na nani?"

Wauza samaki wenzake walicheka. Seline hakucheka.

Jumamosi Celestine alipitia kazi yake mstari kwa mstari. Idadi ya kreti ilitoka kwenye seva, kompyuta ya mbali inayotunza hesabu, na seva huchukua muda kujibu. Kwa hiyo JavaScript huipa programu inayouliza ahadi kwanza. Jibu lenyewe hufuata. Celestine hakuiambia programu ilisubiri. Aliipima ile ahadi kana kwamba ndiyo jibu, na JavaScript huhesabu ahadi yoyote kuwa ndiyo, hata kama jibu linalokuja ni hapana. Habari hizo alikuwa amezisoma mara nyingi, akazikariri, akadhani anazijua. Kilichokosekana ni neno moja, await, yaani subiri, katika mstari wa kumi na tisa.

Aliliweka. Akaiandikia seva kwamba chumba kimejaa, akauliza. "Haipo."

Alimwonyesha Pradip.

"Sasa inajibu sawa, Mzee."

"Nimeona. Lakini kina mama wamekataa. Wanasema wataongea na mtu, si kompyuta."

"Si nimeshairekebisha?"

"Basi nenda Dunga uwaambie wewe."

Hakwenda.

Jumatatu Oduor, mlinzi wa getini, ataanza kupokea simu na kuandika nafasi kwa kalamu. Celestine hataajiriwa.