Mlango Usiotiwa Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijatengwa jikoni, mama alikitoa kikopo cha mafuta ya cherehani nyuma ya sahani, akazunguka nyumba nzima akitia tone moja moja kwenye bawaba za milango. Cherehani yenyewe haikuwapo. Haikuwahi kuwapo. Alifanya hivyo akiwa msichana, akafanya hivyo akiwa mke wa mtu, akafanya hivyo hata magoti yalipomgomea, akawa anahama na kigoda kutoka mlango hadi mlango. Akikibeba, si kukiburuta.

Binti yake aliijua harufu ya mafuta yale kabla ya kuijua alfabeti. Alidhani kila nyumba duniani inanuka hivyo siku ya Jumamosi.

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka katika chumba cha nyuma chenye joto, kati ya mashine zinazonguruma na wanawake wanaozishinda mashine kwa kelele. Yeye alipita katikati yao kama kivuli, na wenzake wakambandika jina la Bi Paka.

"Bi Paka, kohoa basi ukija!" mmoja wao alikuwa akifoka kila alipogeuka na kumkuta nyuma yake. "Siku moja utaniua kwa mshtuko, na shuka la kunifunika utalipiga pasi wewe mwenyewe."

"Nitalipiga vizuri, shoga. Sitakuacha uende na mikunjo."

Maneno hakuyakosa. Kelele ndizo zilizomshinda.

Baba mzazi wa mama alikuwa mlinzi wa ghala. Usiku alikesha, mchana alilala, na nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili tu. Kijiko kikianguka, kuna mtu aliyelipia kwa mgongo wake. Mafuta yalitoka kwa jirani fundi wa nguo, na aliyeyaomba ni mama yake mama, yaani bibi, ambaye alimpandisha bintiye wa miaka sita juu ya kigoda na kumwonyesha pa kudondoshea. "Mlango ukilia, mwanangu, na sisi tutalia." Mtoto akashika. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wakubwa. Huyu alikunjwa angali mbichi kweli, akakauka na mkunjo wake.

"Babu yako hakuwa mtu mbaya," mama alimwambia bintiye mara moja tu, miaka mingi baadaye, akikunja mashuka. "Alikuwa mtu asiyelala. Mtu asiyelala haishi na wenzake, anaishi na hasira zake."

Alipokua, mama aliolewa na seremala, mtu wa vicheko, anayeimba kazini bila kujali wimbo unaelekea wapi. Mkono wake haukuwahi kuinuka ila kupiga nyundo.

"Mke wangu, milango hii nimeitengeneza mimi," alikuwa akimwambia. "Ingekuwa inaumwa, ningejua."

"Najua, baba watoto."

Na Jumamosi ikifika, kikopo hicho, na kigoda hicho. Seremala alicheka, akaacha. Kila mtu ana wazimu wake, alisema, na huu wa mafuta haumdhuru mtu.

Kumbe mtoto alikuwa anamsoma mama. Hakuna aliyemfokea wala kumwambia asicheze. Lakini aliyaona mabega ya mama yakipanda kila sufuria ilipogonga sufuria. Aliiona pumzi ya mama ikizuiwa mpaka nyumba itulie. Hata kabla ya kuanza shule alijua kufunga kabati kwa vidole viwili, na alikuwa akilowanisha mkate mkavu kwenye chai ili usimlie mdomoni. Majirani walimsifu. "Jamani, una mtoto mtulivu! Kama hayupo!" Mama alizipokea sifa hizo kwa mikono miwili. Mtoto asiyesikika, kwake yeye, alikuwa mtoto aliye salama.

Binti alikuwa na miaka saba sikio lilipomwanza. Siku ya kwanza aliulalia upande ule. Siku ya pili akauma ncha ya shuka. Siku ya tano baba alipokwenda kumwamsha alikuta usaha kwenye mto, na mtoto ana moto kama pasi.

Wakampeleka hospitali ile ile. Mama akatoka mbio kwenye mashuka yake, na aproni yake ya kazi mwilini, akasimama karibu na mlango wa chumba cha daktari. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka.

"Mwanangu, siku zote hizi inauma. Mbona hukumwambia mtu?"

Mtoto alimtazama mama kwanza. "Ningelia, ningemwamsha."

"Ungemwamsha nani? Nani alikuwa amelala?"

Mtoto akafikiri kwa bidii, kama aliyeulizwa swali la hesabu. "Sijui," akasema.

Mama alimjua. Aliyelala alikuwa amezikwa mwaka wa kumi na moja sasa.

Daktari alisema kwamba sikio la kushoto halitasikia tena kama zamani. Njia nzima ya kurudi nyumbani seremala, kwa mara ya kwanza, hakuimba.

Jumamosi iliyofuata kikopo kilitoka kama kawaida. Mlango wa mbele, tone. Wa jikoni, tone. Wa chumba chao, tone. Mbele ya mlango wa chumba cha mtoto mama alipanda kigoda, akainua mkono, akabaki hivyo kwa muda. Kisha akashuka.

"Huu basi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Miezi ilipita kabla mlango haujaanza kulia. Siku ulipolia, mama alikuwa akikata mkate. Kisu kikasimama, mabega yakapanda. Mtoto akaganda, mkono ungali kwenye kitasa.

"Samahani, mama."

"Fungua tena."

Akafungua. Ukalia.

"Tena." Jasho lilikuwa limemtoka mama kwenye kipaji cha uso. "Fungua mpaka mwisho."

Baba akachungulia kutoka uani. "Kuna nini humo, mnachinja mbuzi?"

Mtoto akaangua kicheko, kicheko kikubwa ambacho hawakukijua. Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili mpaka kilipokwisha, kama mtu anayevuka mto wenye nguvu. Hakusema nyamaza.

Haikuwa dawa ya siku moja. Binti alikua akiwa na sauti ya chini, akaenda chuoni, akaugua huko mara mbili bila kumwambia aliyelala naye chumba kimoja. Lakini alipokuwa na miaka kumi na minne, siku moja alikasirika na kuubamiza mlango ule mpaka vumbi likadondoka. Mabega ya mama yalipanda, kisha akamgeukia mumewe kwa fahari ya ajabu. "Umemsikia?"

Seremala alitangulia mbele ya haki. Mama akabaki peke yake, moyo umechoka, akahamia chumba kile cha bintiye kwa sababu ya jua lake la asubuhi. Milango mingine aliendelea kuipa mafuta. Ule, kamwe.

Binti, mwalimu sasa katika mji mwingine, alikuja kumtazama Jumapili moja. Walizungumza mpaka alasiri, mama akasinzia. Binti akachukua mkoba, akavua viatu, akatoka kwa ncha za vidole. Akauinua mlango kidogo kwa kitasa, kama ajuavyo mwenyewe, ili bawaba zisilie. Ulikuwa umebaki upenyo wa kidole.

"Wewe!" sauti ikamwita kutoka ndani.

"Abee, mama. Nilidhani umelala."

"Nimelala. Kwani nani anakatazwa kuamka?"

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa mlango. Mama alikuwa amebakiza siku nne, na hawakuonana tena.

"Vaa viatu vyako," alisema. "Na ufunge mlango kama mtu mwenye kwao."