Mousse ku Shati ya Papa

Barafiki, leo nimemumwangia Papa bière mbele ya benzake!

Toka muguu yake ilianza kumusumbua, Papa hatokake tena. Bazee batatu benye alitumika nabo ku treni banakuyaka kumusalimia: dakika kumi, banaenda. Njo nikawaza, nganda, ile baa ya bière, ikuye kwake.

Nikaazima mashine ya bière ya pression, ya kusukuma bière na gazi, ku nganda moja ya Hewa Bora. Nikaleta na fût, pipa ya bière, ku pikipiki, jua kali, njia yote mashimo.

Ku nyumba nikaunga mupira ku fût, nikafungula gazi, nikavuta robinet, ile bomba ya kutokea bière...

Mousse tu! Mapovu ku ukuta, ku shati ya Papa, ku miwani ya rafiki yake.

(Mulishaka kuona bazee bane banakuangalia na mapovu ku uso? Musiombe.)

Machozi ikanikuya. Papa akapanguza uso.

"Mama, binti yangu, usilie. Fût ilitikisika sana. Uitie mu baridi, itulie. Siye tutangojea."

Na kweli bakangojea. Saa mbili nzima! Hadithi, kicheko, majina ya zamani.

Bière ikatoka safi. Nikaita: "Bapapa, iko tayari!"

Hakuna mwenye aligeuka. Papa alikuwa anasimulia, mikono yote juu.

Nikasimama pale na glasi, nikamuacha amalize.