Dungusi la Bi Doris

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, Wembley, saa moja asubuhi, ila majira ya baridi Landani saa hiyo bado ni giza.

Tulikuwa tumefika juzijuzi, mimi na mama, mwaka ule Waasia tulipofukuzwa Uganda. Baba alifariki Jinja miezi michache kabla, majivu yake tukayamwaga mtoni. Mama hakulilia duka wala nyumba. Alilia kwa kumwacha baba peke yake, mtu asiyeweza kukaa dakika tano bila wa kupiga naye soga.

Bi Doris, mjane wa Kiingereza, alitupa chumba cha juu. Alipokwenda kukaa kwa dada yake hadi baridi ipungue, alituachia dungusi la marehemu mumewe. Vimpira vidogo vya miiba, vimebanana chunguni kama watoto kitanda kimoja. Mmea wa milimani, Amerika Kusini. "Likifa hili," alisema, nami nikamtafsiria mama, "mtatafuta mahali pengine pa kukaa." Alitabasamu, lakini hakuwa anatania.

Sasa mama yangu ni Mhindu wa kweli. Kwetu kila asubuhi, akishaoga, aliumwagia maji tulsi, mrehani wetu wa ibada, huku akiomba. Landani tulsi angeupata wapi? Akaliona dungusi dirishani, akasema Mungu haangalii majani. Kila siku kikombe kizima! Mimi nilikuwa nawahi kiwandani, sikujua kitu. Wiki ya tatu nikaligusa: teketeke, limeanza kuoza chini. Nikamwambia mama, tumekwisha. Yeye akasema labda maji hayatoshi. Hee!

Kesho yake niliamka na nia ya kumnyang'anya kikombe. Nikamkuta jikoni, kikombe mkononi, na kando yake amesimama mzee wa Kiingereza. Nje mvua inanyesha, koti lake kavu. Mlango nilikuwa nimeutia komeo mwenyewe.

Mzee akafunika kikombe kwa mkono, kidole gumba hakina ukucha, akasema, "Bosi, wacha maji. Hii iko mtu ya mlima. Wakati ya baridi iko lala tu."

Kiswahili! Tena kile cha dukani, cha baba! Mama ni mzaliwa wa Tanga; miaka yote alimcheka baba kwa Kiswahili hicho, na baba akakizidisha makusudi ili amchokoze. Na nani mwingine duniani aliyemwita mama Bosi?

Kikombe kikaanguka. Tulipoinua macho, mzee hayupo. Komeo liko palepale.

Maji tukaacha. Tukakata palipooza, tukalitia mchanga mkavu, tukangoja roho mkononi. Bi Doris aliporudi, jua limeanza kuonekana, alikuta maua mekundu yamelizunguka dungusi lote. Nikamsimulia. Akanikatiza: "Kidole gumba cha kushoto?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini.

"Ni Frank wangu," akasema. "Lakini Frank hakujua hata neno moja la lugha yenu. Nani kamfundisha?"

Nikamtafsiria mama. Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko chake cha kwanza tangu Jinja. "Mwambie amefundishwa vibaya," akasema, "lakini mwalimu wake namjua."

Chumba kile tulikaa miaka sita, na mama hakulia tena juu ya upweke wa baba. Vitoto vya dungusi viko dirishani kwangu hadi leo, na baridi ikiingia hakuna ruhusa ya kuvitia hata tone. Nawe ukipewa mmea wa mlimani, usiunyweshe kwa huruma zako. Ukikaidi, shauri yako, atakuja mzee mwenye koti kavu. Usikimbie. Mwamkie vizuri, kisha umuulize kama mwenzake hajambo.