Nimekamatwa nikilamba karatasi dukani

Leo nimekamatwa nikilamba karatasi dukani. Mimi, mwalimu mzima!

Msicheke kwanza. Mume wangu anafanya kazi Kibondo, na alinizawadia kalamu ya kujaza wino. Tamu hiyo! Ila kwenye karatasi hizi za kawaida wino unasambaa mpaka upande wa pili. Kwa hiyo nagusa kona kwa ulimi. Unyevu usipopenya, karatasi inafaa.

Basi niko duka la vifaa vya shule hapa Kasulu, nalamba zangu taratibu, Mama Neema mwenye duka akageuka.

"Mwalimu! Unakula karatasi?"

Kabla sijajibu, kapiga vigelegele.

"Wenzio hutamani udongo, wewe karatasi! Hongera, mwanangu!"

Wateja wote wakadakia.

Na Mama Neema anaimba kwaya moja na mama mkwe wangu. Sijafika hata nyumbani, mama mkwe kanipigia kutoka Heru Juu: yuko kwenye bodaboda, anakuja na kuku!

Hapo ndipo kicheko kiliponibana. Maana karatasi nzuri nilikuwa naitafuta ili nimwandikie mume wangu kwamba nina mimba.

Simu inaita. Ni yeye.

Nipokee, au niandike barua kwanza?